Kailani ya Nkoaranga

Kiwanda cha nguo alichofanyia kazi Violet kilifungwa kidogo kidogo, idara baada ya idara, mpaka ikabaki harufu ya mafuta ya mashine na walinzi wawili getini. Mitumba ilikuwa imejaa masokoni, na mtu akishapata suruali ya Ulaya kwa bei ya karanga hawezi tena kuulizia kitambaa cha Arusha. Violet alikuwa msimamizi wa zamu kwenye chumba cha kufuma. Wasichana wengi wa pale ni yeye aliyewafundisha kuunga uzi uliokatika bila kusimamisha mashine. Siku ya mwisho aliifuta mashine yake vumbi, akaifunika turubai, akatoka akiwa amenyoosha shingo.

Hakwenda nyumbani. Nyumbani kwao ni Nkoaranga, juu kwenye miteremko ya Meru, kwa baba yake, mzee Ephraimu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amewatangazia watu kwamba binti yake ndiye anayewavalisha. Atarudi vipi na mikono mitupu kwa mtu kama huyo? Akabaki kwenye chumba chake cha kupanga Ngarenaro, na baada ya kuzunguka sana akapata kazi ya kuosha na kukata mboga nyuma ya mkahawa wa Kichina. Zilikuwa enzi za ruksa, biashara zimefunguliwa kwa kila mtu. Mjini kila ukipita unakuta mlango mpya umefunguliwa na kibao kipya kimetundikwa juu yake.

Mwenye mkahawa waliyemwita Madamu Liu alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwepesi wa miguu. Kiswahili chake alikiokota sokoni, kwa hiyo alijua kila neno la kupatana bei na alipungukiwa maneno ya kusalimia. Uani, kando ya ukuta wa bati, alikuwa amepanga ndoo za plastiki zenye miche, na kila asubuhi kabla hajavua koti lake alikwenda kuziangalia.

Miche ile ilimsikitisha. Ilirefuka bila kunenepa, na kabla haijawa mboga ilikwisha kutoa maua. Asubuhi moja Violet alimkuta Madamu amekaa juu ya kreti la soda, ndoo moja ameibana katikati ya magoti.

"Imekufa, Madamu?"

"Haijafa. Imezeeka." Aling'oa mche mmoja, akauinua. "Ona. Mtoto mdogo, tayari bibi."

Akamweleza kwa maneno aliyokuwa nayo, na pale yalipokwisha akatumia mikono. Mboga hiyo inaitwa kailani. Kwao, kusini mwa China, mgeni akija ukampa wali na samaki bila kailani, umemtia njaa na umejitia aibu. Yeye alikuwa amefungua mkahawa na hajawahi kuiweka mezani hata mara moja. Wachina wachache waliokuwa wakipita Arusha walikula, wakashukuru, lakini aliona macho yao yakitafuta sahani ambayo haikuwepo.

"Inataka baridi?" Violet aliuliza.

"Baridi kidogo. Ukungu. Maji yanatembea, hayalali."

"Vyote hivyo viko kwetu."

Madamu alimtazama vizuri, labda kwa mara ya kwanza. "Wewe unajua kulima?"

"Mimi ni mtoto wa mkulima," Violet alisema, na aliisikia sauti yake ikipanda kama ilivyokuwa ikipanda zamani kwenye chumba cha kufuma. "Uliza mtu yeyote Nkoaranga."

Madamu aliingia ndani, akatoka na kikopo cha chai kilichobaki na mbegu kidogo ndani yake, ndogo, za mviringo, nyeusi kama za kabichi. Akakiweka chote mkononi mwa Violet.

"Zote?"

"Zote. Hapa zinakufa. Wewe nenda."

Ndivyo Violet alivyopata sababu ya kurudi nyumbani.

Violet alimkuta mzee Ephraimu kwenye meza za kuanikia kahawa, akasimama kando na mizigo yake miguuni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu." Aliendelea kuzigeuza punje kwa kiganja, akayatazama yale mabegi, na sufuria iliyofungwa juu yake, na ndoo. Mtu anayekuja kusalimia habebi ndoo. "Wamekupa likizo," alisema hatimaye, na hakusema kama mtu anayeuliza.

Violet akaokota mizigo yake, akaiingiza ndani. Ilipofika Jumapili, usharika mzima ulikuwa umeshajua kwamba binti wa Ephraimu yuko nyumbani kwa likizo ndefu, maana kiwanda kinamthamini.

Mzee alikuwa mtu wa kahawa. Mibuni yake ilikatiwa matawi kwa wakati, ikapigwa dawa kwa wakati, na wakati ule wanunuzi binafsi walipoanza kupanda mlimani na magari yao, yeye ndiye waliyekuwa wakimtafuta kwanza. Bei zilikuwa zimeyumba kwa muda mrefu, na majirani wengine walikuwa wamekata tamaa. Wa kwanza kukata tamaa alikuwa Hans, waliyepakana naye. Hans aling'oa mibuni yote aliyoachiwa na baba yake, akapanda nyanya na sukuma wiki. Ephraimu alisimama kwenye mkutano, mbele ya watu, akasema mtu anayeng'oa kahawa ya baba yake hatashindwa kuuza na kaburi lake. Tangu siku hiyo wanaume hao wawili walipishana njiani kila mmoja akiangalia upande wake wa mlima.

Kwa hiyo Violet alipoomba mahali pa kupanda, jibu lilikuwa tayari. "Kwenye kahawa hapana."

"Sikuomba kwenye kahawa, baba."

"Basi chukua pale nyuma ya jiko, alipokuwa akilima mama yako."

Mama yake alikuwa amefariki, na kipande kile alichokuwa akipanda mboga ya mnafu kilikuwa kimeachiwa magugu. Kilikuwa kati ya migomba na mfereji, udongo wake mweusi, unaoshikamana ukiufinya. Violet alilima mpaka viganja vikatoka malengelenge, maana mikono ya kiwandani si mikono ya jembe. Alichanganya mbegu na mchanga ili zisianguke kwa mafungu, akachora mistari kwa kijiti, akazinyunyiza kama anayetia chumvi kwenye mchuzi, akatandika nyasi kavu juu. Zilipochomoza akaziondolea nyasi jioni ili jua lisizikute ghafla. Akahamisha miche kwenye matuta ilipopata nguvu.

Masika yalikuwa yamekwisha na ukungu wa baridi ulikuwa unateremka kutoka msituni kila asubuhi. Kailani iliupenda. Majani yalikuja mapana, ya kijani chenye buluu, yakiwa na kitu kama vumbi la unga juu yake. Ukimwagia maji hayalowani, yanakusanyika kama shanga na kuteleza. Nashilu, mke wa Hans, alikuwa akisimama upande wake wa ua wa masale, ile mimea ya mpakani yenye majani marefu, akishangaa. "Violet, hiyo ni kabichi iliyokataa kufunga?"

Majani yalipotosha, Violet alifanya kama alivyomwona mama yake akifanya na sukuma wiki tangu utoto: alichuma ya chini, akaenda akipanda juu, akauacha mche uendelee. Alijaza tenga, akalifunika jani la mgomba na kushuka nalo mjini, akiwa amevaa gauni lake zuri.

Madamu Liu alilifunua tenga kwa mikono miwili. Akainua jani moja, akainua la pili, akapekua mpaka chini. Uso wake ulibadilika.

"Violet," alisema polepole, "umeleta nguo. Mtu umemwacha nyumbani."

Violet hakuelewa. Madamu alitafuta tena kwenye tenga, akakuta mche mmoja ulionyofoka na shina lake wakati wa kuchuma. Alilimenya lile shina ngozi ya chini, akalikata mshazari, akapasha mafuta kwenye karai, akatupa kitunguu saumu kilichopondwa. Mboga iligusa moto ikatoka, haikukaa hata muda wa kufuta meza. Akampa Violet kwa uma.

Shina lilikuwa tamu. Lilivunjika kwenye jino likatoa maji, na uchungu mdogo ulikuja nyuma yake, uchungu wa kupendeza, wa kukufanya utake tena. Violet alitafuna huku akitazama tenga lake lililojaa majani, na akaelewa.

Madamu alimwonyesha kwa kidole palipotakiwa kukatwa. Mche unaachwa na majani yake yote. Unaachwa mpaka shina linenepe na vitumba vya maua vijikusanye katikati, kabla havijafunguka. Hapo ndipo unaukata, shina na majani na vitumba pamoja.

"Hukuniambia," Violet alisema.

"Hukuuliza. Ulisema unajua."

Ilikuwa kweli. Kisha Violet akauliza kama kuna mbegu nyingine.

"Dada yangu alinipa, nikiondoka," Madamu alisema. Aliyasukuma yale majani pembeni, taratibu. "Sasa dada hayupo tena."

Violet alirudi Nkoaranga akiwa amekalia tenga tupu kwenye gari. Angeweza kusema mambo yameshindikana, nani angemlaumu? Lakini lilimuuma jambo moja kuliko yote: alikuwa amejisifu. Na mtu akishajisifu anabaki na njia mbili, kunywea au kulifanya jambo liwe kweli.

Miche iliyovuliwa majani ilikuwa bado imesimama, myembamba kama watu waliotoka kuumwa, na juu yake ilikuwa imeanza kutoa maua meupe. Mbegu zingetoka hapo. Hakukuwa na pengine. Akaikingia vijiti isianguke, akaimwagilia, akawa anasubiri.

Mzee Ephraimu hakuwa mtu wa kuingia kwenye mboga. Lakini asubuhi moja alikuwa akipita na jembe kwenda kuangalia mfereji, akasimama. Akatazama maua meupe. Akatazama ng'ambo ya masale, kwenye sukuma wiki za zamani za Hans ambazo nazo zilikuwa zimetoa maua, ya manjano, mengi. Nyuki walikuwa wanakwenda na kurudi bila kujali mpaka.

"Unangoja mbegu?"

"Ndiyo baba."

"Hutapata."

"Kwa nini?"

"Hao." Alionyesha nyuki kwa kidevu. "Wanachanganya. Mama yako alipoteza mbegu yake ya kabichi namna hiyo. Mwaka uliofuata tukala kitu ambacho si kabichi wala sukuma. Mboga hii ya kwako na sukuma za huyo bwana ni ndugu, ona hata majani yake."

Violet alikwisha kushika njia. "Basi niende nikamwombe Hans azikate."

"Wewe usiende."

"Baba, maua yataisha."

"Nimesema usiende. Aliyemtukana ni mimi."

Aliendelea na safari yake ya mfereji. Violet aliona jembe halikugusa udongo. Mzee alisimama tu pale juu akiangalia maji. Aliporudi aliingia ndani, akatoka amevaa koti lake la kanisani. Kwenye ua akachuma jani moja la sale, refu, akalifuta umande kwa kiganja, akazunguka kwenda kuingia kwa Hans kupitia njia ya mbele, kama mgeni. Watu wa huko wakiona mzee amebeba jani la sale hawaulizi anakokwenda. Wanajua amekwenda kuomba yaishe.

Violet alisimama kati ya migomba na kusikia kila kitu.

"Hodi."

"Karibu," Hans alijibu. "Tangu ning'oe kahawa hujakanyaga hapa."

"Sijakanyaga. Nilisema maneno mabaya mbele ya watu, Hans. Baba yako alikuwa rafiki yangu, na kaburi lake sikupaswa kuligusa kwa mdomo wangu. Nimekuja na sale."

Ikasikika kiti kikiburutwa. Kisha sauti ya Hans ikimwita mkewe alete chai. "Kahawa sina," aliongeza, "unajua mwenyewe."

"Nitakunywa chai."

Wakanywa. Wakaongea habari za mvua, na za ng'ombe wa Hans aliyekuwa karibu kuzaa. Ndipo mzee akaleta haja yake, akaeleza habari za nyuki na maua.

"Lakini si nasikia Violet yuko likizo?" Hans aliuliza.

Violet alishika mgomba.

"Hayuko likizo," baba yake alisema. "Kiwanda kimefungwa. Amerudi, anahangaika na ardhi, na mbegu aliyobaki nayo ni hiyo iliyosimama pale."

"Na ni mboga gani hiyo, mpaka imekuvusha mpaka?"

"Sijaijua vizuri. Ni ya mwanangu."

Haikupita muda Violet akaona panga la Hans likipanda na kushuka upande wa pili. Sukuma wiki zile za maua zikaanguka zote, na ng'ombe mwenye mimba akazila. Mzee Ephraimu alirudi nyumbani kwa njia ya mbele vilevile, akavua koti na kulitundika, akachukua jembe lake. Hakumwambia Violet chochote, naye hakumuuliza. Lakini jioni ile Violet alimpikia baba yake loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando, akamchotea bakuli kubwa kuliko kawaida, na mzee akalimaliza.

Maua yakageuka maganda ya mbegu, marefu membamba, maganda yakawa ya manjano, kisha rangi ya majani makavu. Ndege wadogo waliyagundua. Violet alikaa pale na kopo lenye kokoto, akiwafukuza, huku Nashilu akimcheka kutoka upande wake na mara nyingine akija kumpokea ili akapumzike. Maganda yalipoanza kupasuka aliyakata na matawi yake, akayakausha kivulini, akayapura, akapepeta kwenye ungo. Mbegu zilizobaki chini ya ungo zilikuwa nyingi kuliko zile alizopewa. Alizishika, akaziachia zipite kati ya vidole, akacheka peke yake jikoni.

Hakuharakisha. Vuli ilipita ameutunza udongo, akibeba samadi kutoka zizini na kuichanganya na majani ya migomba yaliyooza. Masika yakaja yakapiga, yeye akangoja. Mvua zilipolegea na ubaridi wa kwanza ukateremka, akasia. Asubuhi moja alikuta mfereji umezibuliwa na maji yameelekezwa kwenye matuta yake, na alama za mabuti ya baba yake ziko kwenye tope.

Kitu alichokiogopa kilikuwa mchanganyiko. Miche ilipotoa majani yake ya kweli alipiga magoti akaikagua mmoja mmoja kama alivyokuwa akikagua kitambaa kwenye mwanga, akitafuta kasoro. Yote ilikuwa na ile buluu, yote ina lile vumbi la unga. Viwavi walikuja, akawatoa kwa mkono, akanyunyiza jivu. Wengine walikula walichokula. Mboga ikaendelea.

Safari hii hakuchuma hata jani. Watu waliopita njiani kwenda hospitali au kanisani walisimama wakimhurumia. "Violet, zinakukomalia hizo! Chuma!"

"Bado."

"Zinataka kutoa maua!"

"Ndiyo ninayoyangoja."

Mashina yakanenepa kama kidole gumba, kisha zaidi. Vitumba vikajikusanya katikati ya majani, vimefumbwa. Violet aliosha miguu, akashuka mjini mikono mitupu, akaingia mkahawani kwa mlango wa mbele.

"Sikuleta kitu," alimwambia Madamu Liu. "Njoo uone mwenyewe. Ukisema siyo, sitakusumbua tena."

Madamu alikuja kesho yake na gari la kuazima. Gari likafika linapoweza kufika. Palipobaki ni njia ya mguu, imesimama kama ngazi, na ukungu umeilainisha. Madamu alivaa viatu vya mjini. Akateleza mara moja, akateleza tena, akavivua akavishika mkononi, akapanda pekupeku huku akina mama waliokuwa wakiteremka wakimpa pole na kumtengea njia.

Mzee Ephraimu alikuwa mlangoni. Alimpa mkono, akamkaribisha, akamwonyesha njia ya nyuma ya jiko. Hans na Nashilu walikuwa kwenye ua wao bila kazi yoyote ya kueleweka.

Madamu aliingia kati ya matuta na akaacha kutembea. Ukungu ulikuwa bado umelala kwenye migomba, maji yakipita kwenye mfereji, na kailani imesimama mistari kwa mistari, nene, yenye vitumba. Aliinama, akakata shina moja kwa kisu cha Violet, akalimenya kwa meno, akaling'ata likiwa bichi. Wote walisikia lilivyovunjika.

Alitafuna. Akasema kitu kwa lugha yake, kwa sauti ya chini, na haikuwa kwa ajili yao. Kisha akajifuta macho kwa mkono ulioshika viatu.

"Hii ndiyo," alisema. "Violet, hii ndiyo yenyewe."

Hapohapo akakumbuka kazi. Alimshika Violet mkono, akamwonyesha kukata juu kidogo zaidi ya alivyodhani, kuacha majani ya chini na macho yake, ili shina litoe machipukizi ya pembeni na kukatwa tena. Violet alimuuliza hili na lile, na hakuacha kitu bila kuuliza. Walikata pamoja mpaka matenga yakajaa. Hans alivuka ua bila kuitwa, akajitwisha tenga moja. Mzee Ephraimu akatazama kidogo, kisha akalichukua la pili, akaliweka begani, yeye ambaye hakuna mtu Nkoaranga aliyewahi kumwona amebeba mboga. Wakateremka njia ile wote, na kila aliyeuliza "Mzee, umebeba nini?" alijibiwa kwa jina, "Kailani," kana kwamba ni neno ambalo lilikuwa kwenye familia tangu zamani.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Madamu Liu aliwaalika mkahawani Violet na baba yake. Mzee alikaa kwenye meza ya duara akiwa na koti lake, kofia juu ya goti. Akavikagua vijiti vya kulia, akavirudisha palepale, akaomba kijiko. Chakula kililetwa, na katikati ya chakula ikaja sahani ndefu ya kailani, inang'aa mafuta, majani yamelala upande mmoja na mashina upande mmoja. Madamu aliileta mwenyewe, akaiweka mbele ya mzee, akabaki amesimama.

Ephraimu alionja shina. Akala la pili, na la tatu, polepole, macho yakiwa ukutani, kama alivyokuwa akionja kahawa yake mwenyewe mwanzo wa msimu akitafuta kasoro.

Meza ya jirani walikuwa wanaume wenye mashati mazuri, na mmoja wao akamtambua. Alikuwa mnunuzi wa kahawa aliyekuwa akipanda Nkoaranga na gari. "Mzee Ephraimu! Shikamoo. Leo umetuachia mlima?"

"Marahaba. Nimekuja kula."

"Na mboga hii umeionja? Tumeagiza mara ya pili. Wanasema inaletwa kutoka mbali."

Mzee aliweka kijiko chini. Alisimama, akavifunga vifungo vya koti, na mkahawa wote ukageuka, kwa sababu alisimama kama mtu anayetaka kusalimia usharika.

"Haitoki mbali," alisema. "Inatoka Nkoaranga, nyuma ya jiko langu. Kahawa mnayonunua ni yangu. Mboga mnayokula ni ya huyu." Akaweka mkono begani kwa Violet. "Mbegu ilibaki kidogo, akaikuza. Alikosea, akarudia. Sikumfundisha mimi."

Akakaa. Violet aliinamisha uso kwenye sahani yake. Madamu Liu alikuwa hajaelewa maneno yote, lakini alielewa ya kutosha. Aliingia jikoni, na sauti yake ikasikika ikiwaamuru wapishi wapashe karai tena.

Walipotoka mchana ulikuwa mweupe na mlima ulikuwa umefunguka wote, mpaka kilele. Walikuwa wakielekea stendi, lakini safari haikuendelea. Kwenye kona ya kwanza mzee alikutana na mtu waliyekuwa naye kwenye chama cha ushirika, akamshika mkono, akamgeuza amtazame Violet. Mbele kidogo akamwona mwinjilisti wa zamani. Violet alimwambia gari litawaacha.

"Litatuacha," baba yake alikubali, na tayari alikuwa anavuka barabara, mkono juu, akimwita mtu mwingine.